Kisima Kinapumzika

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Miezi saba na siku nne tangu nitoke Mwingi. Nimewasha pampu, nimejaza hori la ng'ombe, nimezima pampu. Mgongo unauma. Mke wangu Mwende amepiga simu. Mawingu yameanza kujikusanya na shamba halijalimwa. Peke yake hawezi. Mvua ikitukuta hivyo, mwaka umekwenda.

Nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Bosi anakaa Kitengela, huku Kajiado anakuja kukagua tu. Amesema nitaenda, lakini kwanza programu yake ya kompyuta iendeshe kisima siku tatu bila mkono wangu. Inapokea ujumbe wa simu, halafu inaamua yenyewe kuwasha nini na kuzima nini. Yeye anaiita wakala. Mimi naiita mgeni.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekaa mikono mifukoni. Kazi ngumu kuliko kubeba mawe.

Saa nne tangi lilikuwa halijajaa na maji ya kisima yamekwisha. Pampu ikajizima. Mgeni akaiwasha. Ikajizima. Akaiwasha tena. Niliposikia harufu ya mota nikakimbilia swichi kuu.

Bosi amefoka. Hakuna kwenda. Nimeitukana kompyuta kwa Kikamba, matusi ambayo sijayatumia tangu utotoni.

Jumatano, 8 Oktoba

Amekuja Nyokabi, msichana wa Embulbul anayemtengenezea bosi hiyo programu. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia. Nimeshindwa.

Alinionyesha yote ambayo mgeni alikuwa ameambiwa kuhusu pampu. “Huwasha pampu.” Basi. Maneno mawili.

“Si makosa yake, Mutua,” akasema. “Haioni kisima. Inasoma tu nilichoandika, na niliandika kama mtu mwenye haraka.”

Nilipofika hapa nilionyeshwa swichi, nikaambiwa washa hiyo. Wiki ya kwanza nikaunguza mota. Niliitwa ng'ombe mbele ya ng'ombe. Hakuna aliyesema kwamba wao ndio hawakuniambia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku nzima tumekaa kwenye mawe karibu na tangi. Anauliza kama mtoto. Kwa nini unazima sasa? Unajuaje? Na mtu ambaye hajawahi kufika hapa angejuaje? Mimi niliachia shule darasa la sita. Leo mtu aliyesoma ameandika maneno yangu, kisha akanisomea, na niliposema “hapana, si hivyo” alifuta.

Nimeyanakili:

“Huwasha pampu ya kisima ili kujaza tangi kuu. Izime baada ya dakika arobaini hata kama tangi halijajaa, kisha kisima kipumzike saa mbili, kwa sababu maji hurudi polepole. Ikijizima yenyewe, usiiwashe kabla ya saa hizo mbili kwisha. Haijazi hori la ng'ombe. Kwa hori, tumia bomba la hori. Usipokuwa na hakika, muulize Mutua.”

Nilivimba kichwa kuona jina langu. Halafu akalifuta, akaandika “mwambie bosi, usibahatishe.”

“Wewe utakuwa shambani,” akasema.

Kisha akaandikia bomba la hori maelezo yake. Sijawahi kuona mtu akimheshimu mjinga namna ile. Namaanisha mgeni. Na mimi pia, labda.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bosi amekubali tuanze upya. Siku ya kwanza tena. Hakuna harufu. Sijala vizuri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Parsaloi, jirani yetu mfugaji, ameleta ng'ombe siku ambayo si yake. Kwake maji yamekauka. Wakanywa maji ya hori yakaisha, tangi nalo likabaki tupu. Pampu kimya.

“Sopa, Mutua,” akanisalimu Kimaasai. “Umekuwa chifu? Mikono mifukoni!”

“Ipa,” nikaitikia. “Leo mashine ndiyo inafanya kazi.”

“Basi imejifunza uvivu kwako. Washa hiyo kitu, ng'ombe wako na kiu.”

Ng'ombe wakalia. Nilisogea mpaka kwenye swichi. Nikaigusa kwa kidole. Nikafikiria shamba langu. Nikarudi kuketi juu ya mikono yangu.

Simu ya Parsaloi ikalia. Mgeni alikuwa amejibu ujumbe aliotuma asubuhi kuomba maji: kisima kinapumzika, pampu itawaka saa nane na nusu, ng'ombe wangoje kivulini.

Saa nane na nusu ikanguruma. Si kabla, si baada. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

“Hii imefundishwa na nani?” Parsaloi akauliza.

“Msichana wa Embulbul.”

“Wacha uongo. Hayo ya kupumzika ni maneno yako.”

Jumapili, 12 Oktoba

Siku ya tatu imeisha salama. Bosi amesema sawa. Neno moja tu, lakini limetosha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimefunga mzigo. Mbegu za pojo, viatu vya Mwende, karatasi yenye yale maelezo. Pampu imewaka yenyewe nikiwa nakunja blanketi. Sikutoka kuangalia.

Nyokabi nimemtumia asante. Sikujua niongeze nini.

Mwende nimemwambia aweke jembe mlangoni. Kesho, kabla jua halijazama, nitakuwa nyumbani.