Koti Jekundu la Eliamini

Anneth, uko wapi. Acha kufua, soma hii.

Unalikumbuka lile koti jekundu la Eliamini? Lilimbana, nikalitoa kanisani walipokusanya nguo za baridi za watoto wa kule juu mlimani. Nilimkabidhi Mama Ivona, mwenyekiti wa kamati, mkononi kabisa.

Leo tumetoka ibadani, manyunyu, watoto wote makamasi, namwona Ivona wake kalivaa.

Kalivaa, Anneth. Na kile kifungo cha kijani nilichokishona mimi.

Mama Ivona mwenyewe akaanza bila kuulizwa: "Hili shangazi yake kalituma kutoka Ujerumani. Baridi ya huku makoti ya mitumba hayaiwezi."

Ya mitumba. Ananiambia mimi niliyelinunua mitumbani Tengeru.

Sasa Eliamini ana miaka mitatu, hana habari na Ujerumani. Akamsogelea mwenzake, akatia mkono kwenye mfuko uliotoboka, akachimba mpaka ndani ya bitana, akatoa kijiko chake cha uji. Kile cha njano tulichokitafuta nyumba nzima. Kina alama za meno yake mpaka leo.

Kina mama wote wakakikodolea macho.

Unajua Mama Ivona alisema nini? "Jamani, kumbe hata Ujerumani wanauza hivi vijiko."

Anacheka kabisa, huku anamfunga mtoto wake vifungo. Changu cha kijani akakifunga mwisho.

Na mchungaji ameshatangaza: Jumapili ijayo tumpelekee Mama Ivona huyohuyo mablanketi ya watoto wa mlimani.