Foto ya kilima bila mutu

Mujukuu wangu Neema,

Barua yako imefika hapa Saio, na siye wote tuko wazima. Tate yako mwanamuke amevuna maharagi, anakusalimia sana. Unaniuliza juu ya nini ile foto ya mu saloni inaonyesha kilima tu, hakuna mutu.

Ni ya wakati ya vita. Nilikuwa napiga watu foto mu kambi ya wenye walikimbia, na mu aparei ilibakia foto moja tu. Mama Rosine, mulimaji wa Djugu, akaniomba nipige kilima ya kwao, yenye ilionekana mbali. Watu wakakimbia kusimama mbele.

"Mukae chini," akawaambia. "Mimi nataka kuona kwetu."

Wakakaa. Ukungu ulikuwa umekuja kufunika kilima, tukangojea utoke. Hata wale wenye hawakuwa wanasalimiana tena walikaa bega kwa bega. Pale nilielewa kama foto inaweza kuwa na kitu kimoja tu, na ikatosha. Ukungu ukatoka, nikapiga, na ile foto nikamupatia Mama Rosine.

Kisha miaka, Mama Rosine akapata njia ya kurudia kwao. Mbele ya kuondoka akaniletea ile foto.

"Shika, ndugu. Sasa nitakuwa naona kilima yenyewe."

Ni mimi, Tate yako.