Karatasi ya Ramani Inayokwenda Upande

Musoma, Ijumaa

Eti unyevu wa ziwa. Wiki nzima mashine kubwa ya kuchapa ramani inavuta karatasi upande mpaka inajikunja na kukwama, na bosi analaumu ziwa.

Leo nimeifungua. Ncha ya karatasi imekatwa mshazari, kwa haraka. Nikakumbuka madaftari ya shule ya mwanae bosi yalivyokavwa kwa majalada ya karatasi nene nyeupe, wakati sisi wengine tunakavia magazeti.

Nikamwambia kwa adabu, "Mzee, anayekataga hii karatasi atumie rula. Ikiingia imepinda lazima ikwame."

Akakohoa. "Nitawaambia."

Jioni nikachungulia. Ncha imenyooka, karatasi imepungua tena, na rula kaisahau juu ya mashine.

Afadhali. Wanangu nao wanafungua shule Jumatatu, na madaftari yao bado hayajakavwa.