Uliponiita Anasa ya Dunia

Baba Upendo,

Afya yako sikuulizi, maana niliiona mwenyewe pale Mnazi Mmoja, Jumamosi ile ya mkutano wa injili. Umenenepa, umependeza, suti imekukaa. Kiatu bado ni kilekile cha ncha. Nilikitazama kiatu kabla sijakutazama usoni, na hapohapo moyo ukaniambia: aka, hapa pana jambo.

Ningekupigia simu, lakini siku hizi simu yako inapokelewa na kijana mwenye sauti ya upole. "Mtumishi yuko kwenye maombi." Asubuhi maombi, mchana maombi, jioni maombi. Sikatai, watu huomba. Ila mimi nauza vitambaa Kariakoo tangu ujana wangu, na mtu akinijibu jambo lilelile kwa sauti ileile kila nikimuuliza, huwa naikumbatia pochi yangu vizuri. Basi nimeona niandike. Wewe ulinisema hadharani, na mimi nakujibu hadharani. Tofauti yetu ni kwamba mimi jina lako nimelisitiri.

Nakuandikia kwa sababu ya mwanao. Upendo amegoma kupata kipaimara. Mafundisho amehudhuria yote, gauni jeupe nimemshonea mwenyewe, linaning'inia nyuma ya mlango, na sasa anasema haendi. Aliyemgomesha ni wewe. Subiri nikueleze, usianze kukemea mapepo.

Unakumbuka tulivyokutana? Ulikuja dukani na kitambaa cha suti umekibana kwapani, umeuziwa mtaa wa pili na kuhakikishiwa kwamba ni sufu halisi. Nilichomoa uzi mmoja pembeni, nikawasha kiberiti. Kitambaa cha kweli kikiungua kinabaki jivu, unalipuliza linaondoka. Cha uongo kinajikunja, kinakuwa kidonge kigumu, kinanuka plastiki. Chako kilikuwa kidonge.

"Umepigwa, kaka yangu," nikakuambia.

Ulicheka mpaka wapita njia wakageuka. "Sasa dada, na mimi ukinichoma nitabaki jivu au kidonge?"

"Kaa hapo kwenye stuli nikujaribu."

Ukakaa. Ulikaa miaka.

Ulikuwa MC wa harusi, na sitakuvunjia heshima kwa kusema hukuijua kazi. Ulikuwa unainua mkono wa kushoto, unanyamaza kidogo, unawaacha watu wasubiri, halafu ukumbi mzima unalipuka makofi. Mama wakwe walikuwa wanaacha kununa. Nami nilikuwa nakaa meza ya nyuma na soda yangu, najisikia malkia, maana yule anayepigiwa makofi ni wangu. Nilikupenda sana, Baba Upendo. Hilo niliandike mapema lisije likasahaulika huku chini nikianza kukasirika.

Siku ulipookoka nilifurahi, Mungu ni shahidi. Uliniambia hatuwezi kuendelea kuishi vile bila ndoa, ni dhambi. Nikasema amina, twende kwa mchungaji tukafunge. Ukaanza kukunja mashati. Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, najiuliza: kama ugonjwa ulikuwa kuishi bila ndoa, dawa yake si ndoa? Mbona wewe dawa uliiona ni kuhamia Tabata? Mpaka leo hilo halijaniingia akilini, na mchungaji yeyote anayeweza kunieleza aje dukani nimkaribishe kiti.

Sasa tuje Mnazi Mmoja. Upendo aliambiwa na rafiki yake kwamba baba yake atatoa ushuhuda. Akanisihi twende, nikakubali, tukasimama katikati ya watu, yeye amevaa sketi yake ya Jumapili ili umwone. Nikawa nasikiliza walioanza. Wa kwanza alikuwa mlevi. Wa pili alikuwa mwizi. Wa tatu akasema alikuwa anakwenda kuzimu na kurudi, na huko walimpa cheo. Kila mmoja dhambi zake kubwa kuliko za aliyemtangulia, na amina nazo zinapanda. Nikajisemea, maskini mume wangu, zamu yake ikifika atasema nini? Kwamba alikuwa MC anayewahi kulala? Nani atamwitikia?

Hee! Kumbe sikukujua. Ulisema ulikuwa unalala baa, unaamka hujui viatu viko wapi. Wewe? Wewe ambaye chupa moja ya bia ilikulaza kwenye kochi la mama yangu mpaka tukakufunika kanga? Ukasema uliishi kwenye nyumba ya anasa. Nyumba gani, Baba Upendo? Kile chumba kimoja cha Buguruni, ambacho feni ilikuwa haizunguki mpaka uizabe kibao? Halafu ukasema kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kariakoo aliyekufunga kwa manukato na raha za dunia, na kwamba siku ulipomwacha minyororo ilikatika ukaisikia inaanguka.

Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, kajitanda kanga, machozi yanamtoka. Alinyoosha mikono juu, "Ee Bwana, mfikie na huyo mwanamke popote alipo!" Akanigeukia. "Sema amina, mwanangu." Ningefanyaje? Nikasema amina. Nimeombewa nikiwa nimesimama palepale, na mtoto wako kanishika mkono.

Manukato yenyewe yalikuwa mafuta ya nazi. Na raha za dunia nilizokulisha nazikumbuka zote. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakwenda Feri, tunanunua vibua vya kukaanga na kachumbari, tunakula kwenye gazeti. Wewe ulikuwa unamchambulia Upendo miiba, unakagua kila kipande kwenye mwanga kabla hujamtia mdomoni, na mwenyewe unaishia kula vichwa. Kama hiyo ni minyororo, basi uliivaa kwa mikono yako na ukaomba na ndimu.

Lakini kilichonikata siyo maneno. Ulipomaliza uliinua mkono wa kushoto, ukanyamaza kidogo, ukawaacha wasubiri. Uwanja ukalipuka. Nikakuona uso. Ulikuwa uso uleule wa ukumbini, jicho linang'aa, kidevu juu. Hapo ndipo nilipokushuku kabisa. Ulevi hukuwa nao, kwa hiyo hukuuacha. Wanawake hukuwa nao. Anasa yako ilikuwa moja tu maisha yako yote, kupigiwa makofi, na hiyo umehama nayo. Umeibadilishia jina tu ukaipandisha jukwaani.

Sisemi kwamba mahubiri ni ya uongo. Raha za dunia ni tupu, nakubali, na mimi ni mtoto wa kanisa. Aliyelielewa hilo mbele ya macho yangu ni wewe mwenyewe. Au umesahau? Ilikuwa Jumapili asubuhi, tumekwenda ukumbini kuchukua spika zako baada ya harusi ya yule tajiri wa matairi. Upendo nilikuwa nimembeba mgongoni. Viti vimepinduka, mapulizo yamenywea, keki iliyobaki imejaa sisimizi, na lile pambo la majina ya maharusi limeshuka upande mmoja. Ulikaa kwenye kiti cha bwana harusi ukalitazama jukwaa.

"Mama Upendo, jana walinipigia makofi watu wote wale," ukasema. "Leo mlinzi wa getini ameniuliza mimi ni nani."

Nikadhani unatania. Nikakuona unalia. Nilimshusha mtoto nikamweka mapajani mwako, akakikamata kidole chako, akaanza kukitafuna. Ukamwangalia, ukasema, "Yote yale upepo. Kilichobaki ni hiki."

Huo ndio ushuhuda wako, Baba Upendo. Haukuwa na baa wala kuzimu. Ndiyo maana siku ulipookoka sikushangaa, mimi nilijua Mungu alishakushika tangu asubuhi ile. Ungeusema huo pale Mnazi Mmoja pengine amina zingekuwa chache, lakini ningelia kuliko yule mama wa kanga.

Badala yake sikiliza ulichonifanyia. Siku ile tulirudi nyumbani, Upendo akapitiliza kitandani. Nikadhani ni jua. Siku chache baadaye akatoka kwenye mafundisho, akaja jikoni na viatu vyake vya shule, jambo ambalo anajua silitaki.

"Mama, mchungaji atatuuliza mbele ya watu wote kama tunamkataa shetani na anasa za dunia."

"Ndiyo. Utajibu unakataa."

"Nikijibu hivyo, si nitakuwa nimekukataa wewe?"

Nilizima jiko. Nikamwambia hapana, mwanangu, baba alikuwa anaongea kama watu wanavyoongea kwenye maiki. Akanikazia macho, macho yaleyale ninayowakazia wenye sufu ya uongo. "Baba amesema nyumba yote ilikuwa ya anasa. Na mimi nilizaliwa humohumo. Sasa mimi ni nini?"

Nimemjibu kila ninavyoweza. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemnunulia vibua. Haniamini. Anasema, "Wewe lazima useme hivyo, maana uliyesemwa ni wewe." Mashaka ameyarithi kwangu, hilo nalikubali. Lakini jibu analolitaka haliko kwangu, liko kwako, na wewe uko kwenye maombi.

Ibada ya kipaimara ni Jumapili ijayo. Usisubiri ibada, njoo kabla. Njoo bila yule kijana wa simu. Mlango wa Buguruni unaujua, feni ni ileile. Ukae kwenye stuli, umtazame mtoto wako machoni, umwambie ukumbini asubuhi ile alikuwa nani alipokuwa anakitafuna kidole chako. Mkono wa kushoto uuweke mfukoni. Mimi nitakuwa jikoni, nasikiliza, na kiberiti ninacho.

Makofi hatutakupigia. Chai ipo.

Ni mimi, yule mwanamke wa Kariakoo aliyeombewa,
Mama Upendo