Kiwanja Mto Unapoingia Ziwani

Mjukuu wangu Deusi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mwimbi tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua wa kike. Lakini tangu nisome kwamba umeonyeshwa kiwanja hapo Kasanga, pale mto unapoingia ziwani, sina raha. Unauliza kama ardhi ile ni imara.

Miaka ile biashara ya mahindi ilipofunguliwa, malori ya wanunuzi yalifika hadi shambani. Mimi na babu yako tukaingiwa na haraka. Tukaacha ntumba, vile vilima vidogo vya kufukia majani vinavyoshika udongo, tukalima matuta marefu yanayoshuka na mteremko hadi mtoni.

Baada ya masika nikashuka ziwani, hapo hapo Kasanga, kununua dagaa. Pale mitumbwi ilipokuwa ikiegeshwa nikakuta nchi kavu. Mto ukifika ziwani huishiwa nguvu, ukatua mzigo wake, mchanga kwanza, tope mbele zaidi. Mzigo ukiuzibia njia, hujigawa na kupita kwingine.

"Ardhi mpya hii, mama!" mvuvi mmoja aliniambia, kibanda ameshajenga. Nikachota tope. Lilikuwa jekundu kama la shambani kwetu, na ndani yake kipande cha gunzi.

Masika ya pili mto ulipita pale pale kwenye kibanda. Yaliyompata sitayaandika.

Usijenge, baba. Mvua zimeshaanza, nijibu upesi. Bora uje tulime ntumba. Sehemu ya urithi wako imeshatangulia huko chini. Iliyobaki naishikilia peke yangu.

Bibi yako