Namba ya Ndugu wa Karibu

Kisugu, Kampala
Jumatano

Kwako Dada Lanyero,

Natangaza rasmi, mbele ya Mungu, mbele ya mwenye nyumba na mbele ya kuku wake, kwamba mimi mdogo wako Ocira nimenyoa miguu. Yote miwili, kuanzia gotini kushuka. Waendesha baiskeli wa safari ndefu hufanya hivyo ili mtu akianguka kidonda kisafishike upesi. Jirani yangu Husnah aliponiona naanika nguo nikiwa na kaptula, aliuliza bibi harusi anaolewa lini.

Baada ya tangazo hilo, salamu. U hali gani wewe, na Mama je, na lile goti lake? Watoto wamefungua shule? Mimi sijambo, kwa jinsi ya kusema.

Najua umenipigia mara saba tangu Jumamosi. Sikupokea kwa makusudi. Kwenye simu ungelia, nami ningekusamehe kabla sijamaliza kukasirika. Kwa hiyo naandika, na barua nampa rafiki yangu Dolphine anayekuja Gulu kesho.

Unajua nilichokitaka katika safari ile. Siku nne, Kampala hadi Gulu, watu kumi na wanane, na mwisho wake nishuke kwenye baiskeli mlangoni kwa Mama, nimeletwa na miguu yangu mwenyewe. Mbele yenu, tangu nina miaka tisa sijapanda ngazi wala kukaanga yai bila mtu kusimama nyuma yangu. Sasa nina thelathini na moja.

Mkuu wa safari ni Mama Alum, sajenti mstaafu wa polisi. Kila Jumamosi ya mazoezi alituita majina kwa mstari, na aliyechelewa alisukuma baiskeli kwa mkono kupanda kilima cha Muyenga. Siku moja alimwambia Onen kwamba anapanda kama mtoto aliyetumwa chumvi. Onen ni yuleyule tuliyekua naye kwenye kambi ya polisi ya Nsambya, wa nyumba ya pili. Tulipangwa wawili wawili, mimi nikapewa yeye. Kazi ya wawili ni hivi: mmoja anatangulia kukata upepo, mwingine anapumzika nyuma ya gurudumu lake, kisha mnabadilishana. Uso wa mwenzako huuoni; unauamini mgongo. Kwa miezi minne nimeuamini mgongo wa Onen.

Tulijaza fomu. Penye ugonjwa niliandika hakuna. Penye ndugu wa karibu nikaandika jina lako na namba yako. Nilidhani ni namba ya kupigiwa mtu akishakufa, kama ilivyo kwenye fomu zote. Kumbe Mama Alum huzipiga zote kabla ya safari, moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akiwahoji mashahidi. Akakuuliza kama mdogo wako ni mzima, nawe ukamwambia habari za kifafa.

Jumamosi asubuhi tulikusanyika Wandegeya, kwenye uwanja wa kituo cha mafuta. Watu kumi na saba walipewa namba za kubandika mgongoni. Mimi nilipewa sanduku la spana. Mama Alum aliniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, kwamba nitapanda gari la mizigo na kuwazibia wenzangu pancha. Nilipouliza sababu, alisema dada yangu alisema kweli, nimshukuru. Nikamtazama Onen. Alikuwa anakagua cheni isiyokuwa na tatizo lolote. Alikuwa amejua uamuzi huo kwa wiki mbili, Dada. Wiki mbili amekula chapati zangu za mayai huku akiniuliza kama nimetia mafuta gia. Wote walijua, isipokuwa mimi na baiskeli yangu.

Nawe ulikuwa na namba yangu. Ungenipigia mimi kwanza. Hapa Kampala nilikuwa mtu kama watu, na simu moja tu imenirudisha kuwa yule mtoto wa kushikwa mkono.

Dereva wetu alikuwa Abdunoor, Mnubi wa Bombo, mtu mwema. Alinifariji kwamba hata yeye alitaka uaskari, akakataliwa kwa sababu ya macho. Sikuona faraja yoyote, hasa nilipotazama anavyoendesha. Kawempe magari yalifungana. Baiskeli zikapenya katikati, ile migongo yote ikapotea. Abdunoor akashuka kutafuta chai. Mimi nikafungua kamba, nikashusha baiskeli yangu.

Hapa, kama unamsomea Mama, kohoa kidogo, uruke hadi kwenye salamu.

Vidonge niliacha mwanzoni mwa mwezi. Vilikuwa vinanilegeza kwenye vilima. Kila siku nilitoa kimoja kwenye pakiti na kukitupa chooni, ili ukija kunitembelea uone vinapungua. Hilo hukulijua, kwa hiyo Mama Alum naye ulimpa nusu tu ya habari. Mimi niliyekuapia wewe kwamba sitaviacha, mkono wangu juu ya Biblia ya Baba.

Nilianguka mbele ya wauza mahindi. Watu walirudi nyuma, unajua wanavyoogopa mate ya mtu kama mimi, ila mama mmoja alinivua helmeti na kunilaza ubavu. Nilipopata fahamu nilikuwa Mulago, na Onen ameketi kando ya kitanda, namba ingali mgongoni. Abdunoor alimpigia simu Onen akiwa ameshafika Bombo na wenzake, naye akageuza. Nilimwambia aondoke, hakuondoka. Ndipo akanieleza kwamba Mama Alum alitaka kunifuta kabisa, na wewe ndiye uliyemsihi anipe nafasi kwenye gari ili angalau nifike kwa Mama. Hata hilo ningependa kulisikia kwako. Hasira ninayo bado, Dada. Niachie siku chache niimalize mwenyewe.

Vidonge nimeanza tena. Wenzangu waliingia Gulu jana. Onen yuko hapa Kisugu, anakaanga mayai, nami nimesimama nyuma yake.

Mpe Mama salamu zangu zote, na goti lake lipone. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Ocira

Nyongeza: Kipima mwendo cha baiskeli kinaonyesha kwamba siku ile nilikwenda kilomita mbili na nusu.