Riwaya za Kumsomea Gashe Tilaye

Addis Ababa, Hidar 12

Mpendwa Dada Worknesh,

Hujambo? Watu wa Dessie wanaendeleaje na hiyo baridi yenu? Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kwa vumbi la duka langu la vitabu.

Habari za mumeo, Gashe Tilaye, zimenichoma moyo. Fundi cherehani aliyekuwa akichekesha mtaa mzima, leo kiharusi kimemfunga mdomo! Umeniomba riwaya mpya za kumsomea mgonjwa. Vile vitabu vya kufariji wagonjwa sikutumii. Vingi vinanuia kumfundisha mtu kufa vizuri. Pokea hiki, alichoandika binti mmoja wa Hawassa, kimetoka mwezi jana tu. Kuna mkwe anayejidai rubani, kumbe hata ndege hajawahi kupanda. Nilikisoma nikasahau mteja mbele yangu, akaondoka amenuna. Msomee kwa sauti, na usiruke matusi.

Mdogo wako,
Fasika

*

Dessie, Tahsas 20

Mdogo wangu Fasika,

Salamu nyingi. Kifua kimepoa? Kunywa tangawizi, acha ubishi.

Sikiliza yaliyotupata. Nilikuwa namsomea kila alasiri nikikaanga kahawa, naye kageukia ukuta. Jirani yangu Aregash akaja na midomo yake: "Shoga, unalisomea gogo?" Nililia siku ile, lakini kesho yake nikaendelea.

Jana tumefika pale mkwe anapoazima dhahabu ya mama mkwe, eti ya kulipia sare ya urubani. Mara nikasikia kitandani: "Mwongo!"

Fasika, mume wangu alisema! Aregash, aliyekuwa akimimina kahawa, alidondosha birika la udongo, likapasuka vipande. Nikamuuliza, "Nani mwongo, baba?" Akasema tena, "Mwongo," machozi yanamtoka, nasi pia.

Daktari anasema tuendelee. Mungu akulipe, mimi sina cha kukulipa. Tuletee kingine, chenye mtu mbaya zaidi. Aregash naye anataka kujua ya mbele, sasa anakuja kabla sijawasha moto.

Dada yako,
Worknesh

*

Dessie, Megabit 3

Fasika mdogo wangu,

U mzima kweli? Vile vitabu viwili ulivyotuma mwezi wa Tir vilifika, tumevimaliza. Yule mwenye nyumba katili wa kitabu cha pili amemfanya Gashe aseme sentensi nzima: "Mpigeni huyo!" Majirani wanajaa hadi mlangoni. Nimekuandikia, kimya. Kama nimekuudhi, nigombeze tu.

Dada yako,
Worknesh

*

Addis Ababa, Megabit 15

Dada Worknesh,

Nisamehe. Ninyi hamjaniudhi, ninyi ndio mlionibakizia furaha.

Duka halipo tena. Barabara inapanuliwa, na safu yetu yote imebomolewa. Nimeambiwa nitapata nafasi kwingine, sijui lini. Vitabu viko jikoni kwa dada yangu wa tumbo moja, hapa Addis, vinanuka vitunguu. Naye ananiambia, "Uza nguo, watu wanavaa kila siku." Huenda asemayo ni kweli. Wachapishaji nimewaambia wasiniletee kipya.

Nashukuru kwamba angalau kitabu nilichotuma kilimtoa mgonjwa neno "mwongo". Mbusu Gashe.

Mdogo wako,
Fasika

*

Dessie, Miazia 1

Fasika,

Salamu baadaye. Barua yako nimeisoma kwa sauti, kwa sababu majirani wananidai nisome kila kinachofika. Aregash akasema, "Nguo? Huyu hata mtandio wake anaufunga kinyume!"

Gashe hakucheka. Asubuhi alishika fimbo yake ya kujifunzia kutembea akaenda chumba cha mbele, kile cha kushonea. Nikadhani amekumbuka kazi. Akagonga cherehani kwa fimbo: "Toeni." Nikamwambia, "Baba, utapona, utashona." Akatikisa kichwa. "Mkono huu haushoni. Mwite Fasika. Avipange vitabu vyake hapa."

Tumeitoa. Chumba kinatazama barabara na kina mlango wake. Hapa Dessie riwaya mpya tunazisikia tu kwa wasafiri. Njoo, mdogo wangu. Mwaka mmoja usilipe kodi yoyote. Gashe amesema, na siku hizi akisema hatumkatizi.

Dada yako,
Worknesh

*

Addis Ababa, Miazia 9

Dada yangu, na Gashe wangu,

Naja Alhamisi na lori la binamu yangu. Sijui niwashukuru kwa neno gani. Nimeandika na kufuta, nimechoka.

Niwaambie hili tu. Tangu duka livunjwe sikuwa nimefungua kitabu hata kimoja. Nikiona herufi, naona tingatinga. Jana nilikaa sakafuni kufunga maboksi, riwaya ikafunguka mapajani mwangu, ya mwandishi mpya wa Jimma. Nilisoma mstari mmoja, nikasoma wa pili. Dada wa hapa akaniita kula mara mbili, mara ya tatu akaniletea sahani palepale.

Kitabu hicho kitakuja nami mbele, kwa dereva. Sijakimaliza.

Mdogo wenu,
Fasika